Kusahau kwa ghafla: Siri ambayo picha za ubongo zimeanza kuifichua

KUNA maradhi ambayo humvaa mtu mzima wa afya bila kubisha hodi, yakamnyang'anya kumbukumbu kwa saa kadhaa, kisha yakaondoka kama yalivyokuja. Mgonjwa haanguki, hatokwi na povu mdomoni, wala mkono wake haupoozi. Anatembea, anazungumza kwa ufasaha, anamtambua mkewe na wanawe, na akiulizwa jina lake analitaja bila kusita. Lakini hajui ni siku gani, hajui amefikaje alipo, na kila anapoelezwa, maelezo hayo humtoka akilini kabla ya dakika mbili kupita.

"Mama Zawadi, tumekuja hapa kufanya nini?" atamuuliza mkewe. Mkewe atamweleza kwamba wamekuja kwa arusi ya mpwa wake. Atatikisa kichwa, ataonekana kuridhika, kisha baada ya muda mfupi atauliza tena: "Mama Zawadi, tumekuja hapa kufanya nini?" Swali ni lile lile, maneno ni yale yale, hata sauti haibadiliki. Ataliuliza mara 20, mara 30, na kila mara kwake ni kama mara ya kwanza.

Si ajabu jamaa wanaoshuhudia jambo hili hutetemeka kuliko mgonjwa mwenyewe. Wapo watakaodhani amepagawa, wapo watakaosema amerogwa, na wengi watahofia kwamba amepatwa na kiharusi. Kabla ya jioni, au usiku ukizidi kuwa mkubwa, mgonjwa huanza kurejewa na fahamu ya mambo taratibu, na kesho yake huamka akiwa mtu yule yule waliyemjua, isipokuwa ana pengo la saa chache ambazo hawezi kuzisimulia.

Madaktari huiita hali hii usahaulifu kamili wa mpito, na katika vitabu vyao huiandika kwa herufi TGA. Kwa takriban miaka 40 tangu ipewe jina, hakuna chombo kilichoweza kuonyesha ni nini hasa hutokea ndani ya kichwa cha mgonjwa. Ni mwishoni mwa karne ya 20 ndipo mashine za kupiga picha za ubongo zilipoanza kutoa jibu, na jibu lenyewe lilikuwa doa dogo kiasi kwamba wapigaji picha wengi walikuwa wamelipita bila kuliona.

Jina lilivyopatikana

Mnamo mwaka wa 1956, daktari Morris Bender wa New York aliandika kuhusu wagonjwa waliopoteza kumbukumbu kwa saa chache kisha wakapona. Mwaka huo huo, nchini Ufaransa, Guyotat na Courjon walieleza jambo hilo hilo. Miaka miwili baadaye, Miller Fisher na Raymond Adams, mabingwa wa magonjwa ya ubongo katika hospitali ya Massachusetts General mjini Boston, Marekani, waliipa hali hiyo jina linalotumika hadi leo. Mnamo 1964 walichapisha maelezo marefu ya wagonjwa wao, na maelezo hayo yangali yanasomwa kwa sababu ya jinsi yanavyomchora mgonjwa kwa usahihi.

Hata hivyo, jina si utambuzi. Kwa miaka mingi kila daktari alikuwa na maana yake, na wagonjwa wa kifafa, wa kiharusi na waliogongwa kichwani walichanganywa katika kapu moja. Mnamo 1990, John Hodges na Charles Warlow wa Uingereza waliweka masharti ambayo ndiyo msingi wa kazi yote iliyofuata. Lazima awepo mtu aliyeshuhudia tukio. Lazima mgonjwa ashindwe kuhifadhi jambo lolote jipya. Lazima ajijue yeye ni nani na awe macho kabisa. Pasiwe na kupooza, kushindwa kusema, wala dalili nyingine ya ubongo kuathirika. Pasiwe na dalili za kifafa wala jeraha la kichwa la karibuni. Na lazima hali yenyewe iishe kabla ya saa 24 kutimia.

Sharti la mgonjwa kujijua lina uzito wake. Katika filamu na tamthilia, mhusika hupigwa rungu kichwani akaamka asijue jina lake. Mgonjwa wa TGA hayuko hivyo. Anayedai kutojua jina lake, ilhali anahifadhi mambo mapya vizuri, kwa kawaida ana tatizo la kisaikolojia lililotokana na mshtuko au huzuni kubwa, na matibabu yake ni mengine kabisa.

Tafiti za nchi za Magharibi zimeonyesha kwamba hali hii huwapata watu kati ya 3 na 8 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Wengi wao wana umri wa kati ya miaka 50 na 70. Ni nadra kumpata mtu wa chini ya miaka 40. Wanaume na wanawake huathirika karibu sawa. Kwa wastani tukio huchukua saa 4 hadi 6.

Mara nyingi kuna jambo lililotangulia. Mtu amejitosa katika maji baridi, au ameoga maji ya moto sana. Amebeba mzigo mzito. Amepokea habari za msiba au amegombana na jirani. Amekuwa na maumivu makali. Au ametoka katika tendo la ndoa, jambo ambalo wanandoa huona aibu kumwambia daktari ingawa lingemsaidia sana. Aidha, wanaougua kipandauso hupatikana kwa wingi miongoni mwa wagonjwa hawa kuliko ilivyo katika watu wengine.

Ghala la kumbukumbu

Ili kuelewa kile ambacho picha zilikuja kuonyesha, msomaji hana budi kwanza kukijua kiungo kimoja kidogo kilichojificha ndani ya ubongo, nyuma kidogo ya usawa wa panja, kimoja upande wa kushoto na kingine upande wa kulia. Mwaka wa 1587, Giulio Cesare Aranzi, mpasuaji wa maiti wa mji wa Bologna, Italia, alipokiona kimejikunja aliona kinafanana na farasi wa baharini, yule samaki mdogo mwenye mkia uliojiviringa. Akakiita hipokampasi, na jina likashika.

Kazi ya kiungo hicho ilidhihirika kwa njia ya kusikitisha. Mwaka wa 1953, mjini Hartford, Marekani, daktari William Scoville alimpasua kijana aliyeitwa Henry Molaison, wakati huo akiwa na umri wa miaka 27, aliyekuwa akiteswa na kifafa kisichosikia dawa. Alimwondolea sehemu kubwa ya hipokampasi zote mbili. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku hiyo Molaison hakuweza kuhifadhi jambo jipya. Alimsalimu daktari wake kila siku kama mgeni. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimchunguza kwa miaka mingi, na makala aliyoandika pamoja na Scoville mnamo 1957 ndiyo iliyouonyesha ulimwengu kwamba bila hipokampasi hakuna kumbukumbu mpya. Molaison, aliyefahamika katika vitabu kwa herufi H.M. pekee, alifariki mwezi Desemba 2008 na hapo ndipo jina lake lilipotangazwa.

Milner aligundua jambo jingine. Molaison aliweza kujifunza kazi za mikono, kama kuchora nyota huku akiitazama katika kioo, na akawa hodari zaidi kila siku japo hakukumbuka kuwahi kuifanya kazi hiyo. Ustadi wa mikono na kumbukumbu ya matukio havihifadhiwi mahali pamoja. Ndiyo sababu mgonjwa wa TGA anaweza kupika ugali ukaiva vizuri, au kuendesha gari hadi nyumbani, kisha asijue kama amepika au ameendesha. (Asiachwe kuendesha gari, bila shaka.)

Basi mtu aliye katika TGA ni Molaison wa saa chache. Yeyote aliyemsoma mmoja na kumwona mwingine alishuku kwamba hipokampasi imezimika kwa muda. Kushuku hakutoshi, hata hivyo, na ushahidi ulikosekana.

Mashine zilizoona na zisizoona

Picha za eksirei za kawaida huonyesha mifupa, ubongo hauonekani. Mashine ya CT, iliyobuniwa na Mwingereza Godfrey Hounsfield na kumpigia mgonjwa picha kwa mara ya kwanza mnamo 1971, iliuonyesha ubongo kipande kwa kipande, na ni hodari wa kuonyesha damu iliyovuja. Kwa mgonjwa wa TGA, hata hivyo, picha ya CT karibu kila mara huwa safi. Katika miaka ya 1990 baadhi ya madaktari walitumia mashine zinazofuatilia dawa yenye mnururisho mdogo inaposafiri na damu, wakaona damu imepungua katika sehemu za panja wakati wa tukio. Huo ulikuwa mwanga, lakini wa mshumaa: picha zenyewe zilikuwa na ukungu, na kila mgonjwa alionekana tofauti.

Chombo kilichobadilisha mambo ni MRI. Mashine hii haitumii mionzi ya eksirei. Ni sumaku kubwa yenye umbo la pipa, na nguvu yake huwa mara 30,000 au zaidi ya ile ya sumaku ya dunia inayogeuza dira ya nahodha. Ndani yake, chembe za haidrojeni zilizomo katika maji ya mwili hujipanga kufuata sumaku. Mashine huzisukuma kwa mawimbi ya redio, nazo zinaporejea mahali pake hutoa mawimbi hafifu ambayo kompyuta huyakusanya na kuyageuza kuwa picha. Paul Lauterbur wa Marekani na Peter Mansfield wa Uingereza walitunukiwa Tuzo ya Nobel mnamo 2003 kwa kazi iliyowezesha hayo.

Katika miaka ya 1980, Mfaransa Denis Le Bihan na wenzake walibuni namna ya kuifanya MRI ipime jinsi maji yanavyotembea katikati ya seli. Seli ikiwa nzima, maji yaliyo nje yake huenda huku na huko kwa uhuru. Seli ikikosa hewa au ikapata taabu nyingine, huvimba kwa kunywa maji. Nafasi iliyo kati ya seli hubana na maji hushindwa kutembea. Katika picha ya aina hii, mahali ambapo maji yamekwama hung'aa kama taa. Mgonjwa wa kiharusi anaweza kuonekana na doa linalong'aa katika muda wa saa moja, au hata chini ya hapo, wakati CT bado haioni kitu. Tangu miaka ya 1990, picha ya namna hii imekuwa mkono wa kulia wa madaktari wa kiharusi.

Ilikuwa lazima mtu aijaribu kwa TGA. Mnamo 1998, Michael Strupp na wenzake wa Munich, Ujerumani, waliandika katika jarida la Annals of Neurology kwamba kati ya wagonjwa 10 waliopigwa picha hizo, 7 walikuwa na mabadiliko katika sehemu ya ndani ya panja, hasa upande wa kushoto. Wengi waliirudia kazi hiyo katika hospitali zao, na hapo ukazuka mzozo: wengine waliona doa, wengine hawakuona chochote. Kila kundi lililishuku jingine. Kumbe wote walikuwa wakweli, ila waliangalia kwa saa tofauti.

Doa linalochelewa

Jibu lilitolewa mnamo 2004 na watafiti wa Ujerumani wakiongozwa na Oliver Sedlaczek. Waliwapiga picha wagonjwa 31 zaidi ya mara moja: walipofika hospitalini, kisha siku zilizofuata. Katika saa za mwanzo, wakati mgonjwa angali anauliza swali lake lile lile, ni wagonjwa 2 tu waliokuwa na doa. Baada ya saa 48, wakati wote walikuwa wamekwishapona na kurejea kwao, 26 kati ya 31 walikuwa nalo.

Tafakari jambo hilo. Katika kiharusi doa huja na dalili. Hapa dalili huja, huisha, ndipo doa linatokea. Daktari anayempiga mgonjwa picha akiwa katikati ya tukio, kama ambavyo kila daktari mwenye bidii angefanya, ana uwezekano mkubwa wa kuona ubongo usio na kasoro. Anayemwambia arudi keshokutwa, mgonjwa akiwa mzima na pengine akiona anapotezewa pesa, ndiye anayeliona.

Ukubwa wa doa lenyewe ni kati ya milimita 1 na 5. Ni kama punje ya wimbi, na likizidi sana ni punje ya mtama. Mashine za kawaida hukata ubongo kwa picha za unene wa milimita 5, na doa kama hilo linaweza kupotelea katikati ya kipande kimoja na kingine. Kwa hiyo wataalamu wanashauri vipande vya milimita 3 au chini yake, na sumaku ya nguvu ya tesla 3 ikiwa ipo.

Thorsten Bartsch na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kiel, pia nchini Ujerumani, waliendeleza kazi hiyo mnamo 2006 kwa kuuliza doa linakaa wapi hasa. Hipokampasi imegawika katika mafungu yanayoitwa CA, herufi za jina la kale la pembe ya Amun, mungu wa Misri aliyechorwa na pembe za kondoo dume. Karibu madoa yote yalikuwa katika fungu la kwanza, CA1. Yalionekana kushoto, kulia, au pande zote mbili. Baada ya takriban siku 10 hadi 14 yalififia, na picha za miezi iliyofuata hazikuonyesha kovu.

Fungu la CA1 lina sifa mbaya ambayo madaktari wameijua kwa muda mrefu. Tangu mwaka wa 1880, Mjerumani Wilhelm Sommer alipochunguza ubongo wa wagonjwa wa kifafa waliofariki, imefahamika kwamba seli za hapo ndizo za kwanza kufa ubongo unapopata taabu. Seli jirani zikivumilia, hizo huanguka. Na gharama ya kuzipoteza inajulikana: mnamo 1986, Stuart Zola-Morgan, Larry Squire na David Amaral wa California walieleza habari za mtu aliyepungukiwa na damu ubongoni baada ya upasuaji wa moyo mnamo 1978. Aliishi miaka mitano akiwa hawezi kuhifadhi mambo mapya, na alipofariki ubongo wake ulionyesha kwamba kilichoharibika kabisa ni CA1 ya pande zote mbili. Yeye hakupona. Mgonjwa wa TGA hupata taabu mahali pale pale, naye akapona kwa siku moja. Kwa maoni ya mwandishi, hilo ndilo fumbo kubwa zaidi katika habari hii yote.

Nadharia zinazoshindana

Wapo waliodai kwamba TGA ni kiharusi kidogo. Dai hilo limedhoofika. Wagonjwa hawa hawana shinikizo la damu, kisukari au uvutaji sigara kwa kiwango kinachoonekana kwa wagonjwa wa kiharusi. Doa lao huchelewa na halibaki. Na tafiti nyingi zilizowafuatilia kwa miaka hazikuona wakipatwa na kiharusi zaidi ya wenzao.

Nadharia ya pili inahusu mishipa ya shingo inayorudisha damu moyoni. Mishipa hiyo ina vali za kuizuia damu isirudi juu. Mtu akijikaza kuinua gunia, akikohoa sana au akijitosa katika maji baridi, shinikizo kifuani hupanda, na vali zikiwa dhaifu damu huweza kurudi kichwani. Vipimo vya mawimbi ya sauti vimeonyesha kwamba vali dhaifu hupatikana zaidi kwa wagonjwa wa TGA. Hata hivyo, mishipa iliyo ndani ya fuvu ilipochunguzwa haikuonyesha damu iliyorudi hadi kwenye hipokampasi, na mtu aliyepatwa baada ya kupokea simu ya msiba hakuinua gunia lolote.

Nadharia ya tatu ndiyo inayopendelewa na wale wanaotazama kipandauso. Mnamo 1944, Mbrazili Aristides Leão aligundua katika ubongo wa sungura wimbi la ukimya: seli huchangamka ghafla kisha huzimika, na uzimaji huo husambaa polepole, kama milimita 3 kwa dakika. Wimbi kama hilo ndilo linaloaminika kuleta vimulimuli machoni kabla ya maumivu ya kipandauso. Likipita katika hipokampasi linaweza kulinyamazisha ghala zima, na CA1 iliyo dhaifu ikabaki na alama ndogo siku mbili baadaye. Maelezo haya yanaoanisha mambo mengi, lakini bado hakuna aliyelinasa wimbi hilo katika hipokampasi ya mtu wakati tukio linaendelea.

Bila kujali chanzo, swali moja lilibaki: doa la ukubwa wa punje ya wimbi linawezaje kuliangusha ghala lote? Kundi la Kiel liliwapima wagonjwa wangali katika tukio, jambo gumu kwa kuwa muda ni mfupi na mgonjwa husahau maagizo. Mnamo 2010 walieleza jinsi wagonjwa waliotakiwa kutafuta mahali palipofichwa katika bwawa la kuchorwa kwenye kompyuta walivyoshindwa vibaya kujifunza njia. Mnamo 2011 walionyesha kwamba wagonjwa walishindwa pia kuyasimulia kwa undani matukio ya maisha yao ya zamani: walijua kwamba waliwahi kuoa, lakini hawakuweza kuiona siku ile katika fikra. Nao watafiti waliotumia MRI inayofuatilia mazungumzo kati ya sehemu za ubongo wameona kwamba wakati wa tukio, mawasiliano ya hipokampasi na mtandao wake mzima hulegea, pande zote mbili, na hurejea mgonjwa anapopona. Kwa hiyo inaelekea doa ni jivu la moto uliokuwa mkubwa zaidi.

Anayeona afanye nini

Wasomaji wasije wakadhani kwamba usahaulifu wowote wa ghafla ni TGA na hivyo wakae nyumbani kusubiri jioni. Utambuzi huo hufanywa na daktari, tena baada ya kuyaondoa mengine. Kiharusi kinachogusa hipokampasi huweza kuanza kwa kusahau tu. Mgonjwa wa kisukari aliyejidunga insulini bila kula huweza kuchanganyikiwa, na kipimo cha tone la damu kidoleni hulitambua hilo kwa dakika moja. Pombe na baadhi ya vidonge vya usingizi hufuta kumbukumbu za usiku mzima. Malaria kali, homa ya uti wa mgongo na maambukizi mengine ya ubongo huleta mkanganyiko, lakini huko kwa kawaida kuna homa na mgonjwa husinzia au huweweseka, tofauti na mgonjwa wa TGA ambaye yu macho na makini.

Ipo pia aina ya kifafa inayojionyesha kwa kusahau pekee. Hiyo hudumu chini ya saa moja, hupenda kutokea mtu anapoamka usingizini, na hurudi mara nyingi kwa mwaka. Kipimo cha umeme wa ubongo husaidia kuitambua, na dawa za kifafa huituliza vizuri.

Mtu akipatwa, apelekwe hospitalini mara moja. Kiharusi cha damu kuganda kina dawa ya kuyeyusha donge ambayo kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, na hakuna jamaa anayeweza kutofautisha mambo haya kwa macho. Anayemsindikiza ndiye shahidi, na ushahidi wake ni muhimu kuliko picha. Aandike saa ambayo mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho, alichokuwa akifanya, dawa anazotumia, kama alianguka au kujigonga, kama mdomo ulipinda au mkono ulilegea, na maswali anayoyarudia. Akiweza kumrekodi kwa simu kwa dakika chache, daktari atashukuru.

Hapa nchini mashine za MRI zimejikusanya katika hospitali za miji mikubwa, na kipimo kimoja hugharimu maelfu ya shilingi. Kwa hiyo swali la lini mgonjwa apigwe picha si la kitaaluma tu. Picha ya kwanza, mara nyingi CT, hupigwa upesi ili kuondoa hofu ya damu iliyovuja. Ikiwa familia ina uwezo wa MRI moja tu, na daktari amekwishaona kwamba dalili zote za TGA zimetimia na hakuna dalili ya kiharusi, ni jambo la busara kumuuliza kama picha hiyo ingefaa zaidi kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Na isipoonyesha doa, hilo halimaanishi mgonjwa alikuwa akiigiza. Wapo ambao doa lao halionekani kwa mashine yoyote. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo au chuma mwilini amweleze mpigaji picha kabla ya kukaribia chumba cha sumaku.

TGA haina dawa, na haihitaji. Mgonjwa huangaliwa hadi kumbukumbu zirejee, asiachwe peke yake, na aambiwe kwa upole jambo lile lile kila anapouliza. Wengi hawarudiwi tena maishani. Katika uchunguzi wa Mayo Clinic ya Marekani uliochapishwa mnamo 2020, uliowahusu zaidi ya wagonjwa 1,000, takriban mmoja kati ya 7 alirudiwa, na waliowahi kuugua kipandauso walikuwa wengi zaidi katika kundi hilo.

Kumbukumbu za zamani hurejea kwanza, kisha za miaka ya karibuni, kisha za wiki iliyopita. Za saa zile za tukio lenyewe hazirejei, kwa kuwa hazikuwahi kuhifadhiwa. Aliyepatwa saa nne asubuhi akifua nguo uani atakumbuka ndoo ya maji na kamba ya kuanikia, na kitu cha pili atakachokumbuka ni taa ya wodi na nesi akimuuliza leo ni siku gani.